Bakapu Isiyovuka Mpaka

Mhadhara kwa wafanyabiashara, mawakala wa forodha na wanafunzi wa kompyuta wa Busia na Tororo



Nimeombwa nizungumzie jambo linaloonekana dogo: kurudisha mafaili ya tovuti kutoka kwenye bakapu, kwa kutumia paneli ya kampuni iliyokupangishia seva. Walionialika walitaka hasa niwaonyeshe kitufe cha kubofya. Nitawaonyesha, wala hakitatuchukua muda. Sehemu kubwa ya mazungumzo yetu itahusu yale yanayotangulia kitufe hicho na yale yanayokifuata, maana huko ndiko tovuti nyingi hufia mikononi mwa mtu aliyekuwa akijaribu kuziokoa.

Tuanze na yanayokitangulia. Jioni ya tarehe 13 Januari 2021, mkesha wa uchaguzi mkuu, intaneti ilizimwa Uganda nzima. Ilianza kurudi tarehe 18. Nyinyi wa Busia hamhitaji kusimuliwa. Aliyekuwa Sofia, Busia ya Uganda, na laini ya Kenya mfukoni alisogea mpakani, akanasa mawimbi ya upande wa pili, akatuma barua pepe zake. Wa Tororo ilimbidi ateremke hadi Malaba.

Sasa jiulizeni: tovuti ya mwenye duka wa Tororo ilikuwa na hali gani siku zile? Ilikuwa nzima kabisa. Ilikaa kwenye seva yake, iwe Nairobi, Ujerumani au Marekani, na mtu wa Nakuru aliifungua bila tabu. Kilichokatika ni mtandao wa kuifikia. Lakini mwenye tovuti, akiona ukurasa haufunguki, akili yake ya kwanza humwambia kwamba imeharibika. Akipata intaneti kidogo tu, anaingia kwenye paneli, anabofya kurejesha bakapu ya wiki iliyopita, na papo hapo anafuta kazi ya wiki nzima ili kutibu tovuti isiyougua.

Jambo hilo si la siasa peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika karibu na Afrika Kusini, na Afrika Mashariki nzima ikawa inajikokota. Uganda haina bahari. Sehemu kubwa ya intaneti yake hutoka Mombasa kwa nyaya za fiba zinazoingilia hapa hapa petu, Busia na Malaba, kwa hiyo kinachotokea baharini tunakisikia hapa siku ileile.

Hapa watu wa mpakani mna faida ambayo fundi wa Kampala au wa Nairobi hana. Mna laini mbili. Kabla hujagusa chochote, zima waifai, fungua tovuti kwa laini ya Kenya, kisha kwa laini ya Uganda. Ikifunguka kwa moja na kukataa kwa nyingine, achana na paneli. Tatizo liko njiani, au ni DNS, yaani kitabu cha anwani, ya mtandao mmoja ambayo bado imeshikilia anwani ya zamani, na dawa yake ni subira. Ikikataa kwa zote mbili kwa namna moja, hapo ndipo tunaanza kuulizana tovuti ina nini.

Tuchukue ofisi ya wakala wa forodha hapa Busia. Ana tovuti iliyojengwa kwa WordPress, kama zilivyo tovuti nyingi duniani. Ina ukurasa wa huduma, fomu ambayo mteja wa Mbale au Kisumu hutumia kupeleka nyaraka za mzigo wake, na orodha ya maombi yaliyoingia. Mwenyewe huiona kama kitu kimoja. Kwenye seva ni vitu viwili vinavyokaa mbalimbali. Kuna mafaili, yaani programu yenyewe, mandhari, picha na nyaraka zilizopakiwa, yote ndani ya folda iitwayo public_html. Halafu kuna hifadhidata ya MySQL, ambamo mna maneno ya kila ukurasa, majina ya watumiaji, nywila zao na maombi ya wateja. Faili moja tu, wp-config.php, ndilo linaloviunganisha: limeandikwa jina la hifadhidata, jina la mtumiaji wake na nywila yake.

Ukishalijua hilo, ugonjwa unaanza kusomeka. Ukurasa mweupe mtupu mara nyingi ni faili lililoharibika, hasa baada ya kusasisha plagini, yaani programu ndogo ya nyongeza. Ujumbe kwamba tovuti imeshindwa kuunganika na hifadhidata unakuelekeza kwenye wp-config.php au kwa seva ya MySQL yenyewe. Picha zimetoweka lakini maneno yapo: mafaili. Picha zipo lakini makala ya jana hayaonekani: hifadhidata. Anayerejesha vyote viwili kwa sababu kimoja kimeharibika anapoteza kile kizima bila sababu.

Basi tufungue paneli. Zipo nyingi, Plesk, DirectAdmin na nyinginezo, ila wengi wenu mnakutana na cPanel, ambayo imekuwapo tangu 1996. Ndani yake kuna sehemu ya bakapu, na ndani ya sehemu hiyo kuna jambo ambalo wateja wengi hawalijui mpaka siku ya msiba. Kuna bakapu kamili, faili moja kubwa lililobanwa lenye akaunti yako yote pamoja na barua pepe. Mtu akiona neno "kamili" anatulia. Lakini bakapu hiyo kamili, wewe mteja huwezi kuirejesha mwenyewe kwa paneli hiyo. Unaweza kuitengeneza na kuipakua. Kuirudisha ni kazi ya mwenye seva, mwenye mamlaka ya juu kabisa kwenye mashine. Ukiwa na ugomvi naye, au ofisi yake imefungwa kwa Pasaka, una faili la gigabaiti kadhaa usiloweza kulitumia kwa wepesi.

Unachoweza kurejesha mwenyewe ni vile vipande: folda yako ya nyumbani kivyake, kila hifadhidata kivyake, na mipangilio ya kuelekeza na kuchuja barua pepe. Kwa hiyo mwenye busara hupakua vyote: ile kamili kwa ajili ya siku atakapohama kampuni, na vile vipande kwa ajili ya siku za kawaida. Baadhi ya kampuni huongeza programu kama JetBackup, ambayo hukuonyesha orodha ya tarehe ukachagua faili moja, folda moja au hifadhidata moja na kuirudisha. Hiyo ni raha. Lakini soma mkataba. Mikataba mingi ya upangishaji husema kwamba bakapu za kampuni ni hisani, na jukumu ni la mteja.

Kitufe chenyewe ndicho hicho: chagua faili la bakapu, bofya kupakia, subiri. Nimetimiza ahadi.

Sasa tazameni kinachotendeka baada ya kubofya. Bakapu ya folda ya nyumbani inapofunguliwa, kila faili lililomo ndani yake linawekwa mahali pake, na kama pana faili lenye jina hilo, la zamani linafunika jipya. Lakini faili lililopo kwenye seva na halimo kwenye bakapu haliguswi. Linabaki palepale. Siku za amani hilo ni jambo jema. Siku ya udukuzi ni balaa.

Kenya na Uganda tuna historia nalo. Januari 2012 mdukuzi wa Indonesia alichafua tovuti 103 za serikali ya Kenya kwa mkupuo mmoja. Agosti mwaka huohuo tovuti ya Ofisi ya Waziri Mkuu wa Uganda nayo ilidukuliwa. Na tarehe 17 Novemba 2025 tovuti za wizara kadhaa za Kenya ziliamka zimebandikwa maneno ya ubaguzi wa rangi. Tovuti ya kawaida ya biashara ndogo haidukuliwi kwa kelele hivyo. Mdukuzi huingia kimya kupitia plagini isiyosasishwa, huacha faili lake dogo la PHP ndani ya folda ya picha, wp-content/uploads, akalipa jina linalofanana na mengine, na kuondoka. Wewe unaona tovuti inatupa wageni wako kwenye ukurasa wa kamari. Unarejesha bakapu, ukurasa wa kamari unatoweka, unashukuru Mungu. Lile faili lake halikuwamo kwenye bakapu, kwa hiyo halikufunikwa. Baada ya siku mbili anarudi kwa mlango wake mwenyewe.

Dawa yake ni kwamba baada ya udukuzi usirejeshe juu ya tovuti iliyopo. Badili jina la public_html, liite lolote, fungua folda mpya tupu, urejeshe humo. Ile ya zamani ihifadhi pembeni, mahali ambapo haifikiki kwa intaneti, ili kumchunguza mgeni aliingilia wapi. Na chunguza kama hayumo hata ndani ya bakapu, maana pengine aliingia mwezi uliopita, na bakapu zako zote za wiki nne zimembeba. Halafu badili nywila zote: ya paneli, ya hifadhidata, ya kila msimamizi, na ya barua pepe. Sasisha ile plagini kabla ya kufungua milango.

Mengine ni ya mikono, lakini ndiyo yanayoumiza vichwa usiku wa manane. Kuna faili linaitwa .htaccess, lenye nukta mwanzoni, na kwa sababu ya nukta hiyo kidhibiti cha mafaili hakikuonyeshi mpaka uende kwenye mipangilio ukiambie kionyeshe mafaili yaliyofichwa. Anayenakili tovuti kwa kuchagua anachokiona huliacha nyuma. Matokeo yake ni ya ajabu kidogo: ukurasa wa kwanza unafunguka vizuri, na kila ukurasa wa ndani unadai haupatikani. Mtu atatafuta kosa kwenye hifadhidata mpaka kuche, kumbe ni mistari michache iliyoachwa kwenye seva ya zamani.

Na ukihamia akaunti nyingine, jina la hifadhidata halibaki lilelile, kwa sababu cPanel kwa kawaida hulitanguliza kwa jina la akaunti na mstari wa chini. Hifadhidata iliyokuwa busia_duka kwenye akaunti ya zamani inakuwa na mwanzo mwingine kwenye mpya. Usipofungua wp-config.php na kurekebisha, mafaili yanamtafuta mtu aliyehama. Ruhusa nazo zitazameni: mafaili 644, folda 755. Akitokea fundi akawaambia mweke 777 ili "ifanye kazi", mshukuruni kwa chai na mumsindikize hadi stendi.

Kuna pia suala la saa. Seva nyingi huhesabu kwa saa ya dunia, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Bakapu iliyoandikwa kwamba ilifanyika tarehe 14 saa 22:00, kwetu ilifanyika saa saba usiku wa kuamkia tarehe 15. Kama tovuti iliharibika saa tano usiku wa tarehe 14 kwa saa ya hapa, bakapu yenye tarehe 14 imebeba uharibifu. Inabidi urudishe ya tarehe 13. Nimeona mtu mwenye akili timamu akirejesha ugonjwa uleule na kulaumu kampuni.

Kabla ya yote haya, na hili ningeomba vijana mliandike, fanya nakala ya hali iliyoharibika. Watu hushangaa: nihifadhi uozo wa nini? Kwa sababu ndani ya uozo huo mna maombi ya wateja ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano, na bakapu unayoirudisha ni ya Jumapili. Ukirejesha hifadhidata ya Jumapili, siku hizo tatu zinafutika kana kwamba hazikuwapo. Ukiwa na nakala ya Jumatano, hata kama ni mbovu, fundi anaweza kuifungua kando na kuchomoa jedwali moja la maombi akalirudisha. Ukiwa huna, umebaki na taarifa za M-Pesa upande huu na MTN MoMo au Airtel Money upande ule, unalinganisha jina kwa jina nani alilipa nini, na mteja wa Soroti aliyelipa Jumanne anakuona tapeli, kwa sababu pesa yake imepokelewa na jina lake halimo.

Wazee walituambia akiba haiozi. Kwa nafaka na fedha, sawa. Bakapu inaoza. Inaoza kimya, bila harufu, na hakuna kisa kinachoonyesha hilo vizuri kuliko kile cha GitLab, nami nitakieleza kwa kirefu kidogo kwa sababu wenyewe walikitangaza hadharani, hatua kwa hatua, jambo ambalo kampuni chache hufanya.

GitLab ni kampuni inayohifadhi programu za watengenezaji kutoka pembe zote za dunia. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao mmoja, akiwa amechoka baada ya saa nyingi za kupambana na mzigo uliozidi kwenye hifadhidata, alitaka kufuta folda kwenye seva ya pili iliyokuwa imeacha kufuatana na ya kwanza. Alikuwa amefungua madirisha mawili. Aliandika amri ya kufuta kwenye dirisha la seva ya kwanza. Aligundua baada ya sekunde moja au mbili na kuisimamisha, lakini kati ya gigabaiti zipatazo 300 zilikuwa zimebaki 4.5.

Hawakupagawa mara moja, kwa sababu walikuwa na njia tano za kuhifadhi na kunakili data. Wakaanza kuzifungua moja baada ya nyingine. Bakapu za kila siku kwenye hifadhi ya mbali: folda ilikuwa tupu. Programu iliyotakiwa kuzitengeneza ilikuwa ya toleo la zamani kuliko hifadhidata, ikawa inashindwa kila usiku. Ilikuwa ikituma barua pepe kulalamika, lakini barua zenyewe zilikataliwa na mfumo wa barua kwa kukosa uthibitisho, hivyo hakuna aliyezisoma. Picha za diski za kampuni waliyokodi zilikuwa hazijawashwa kwa seva za hifadhidata. Seva ya pili, ndiyo ile iliyokuwa imevurugika tangu mwanzo. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi mmoja alikuwa ameichukua kwa mkono saa sita kabla, kwa ajili ya majaribio yake mengine kabisa. Waliirudisha kwa muda wa saa kumi na nane hivi, dunia ikiwatazama moja kwa moja kwenye video, na kila kilichoingia katika zile saa sita kilipotea: miradi takriban 5,000, maoni idadi karibu hiyohiyo, na watumiaji wapya 700.

Hao ni watu ambao kazi yao ni hiyo. Angalieni kwamba zile bakapu za kila siku na zile picha za diski hazikuvunjika usiku ule. Zilikuwa zimekufa zamani. Usiku ule ndipo mtu alipozigusa kwa mara ya kwanza.

Nikirudi kwenye paneli zetu, bakapu za hapa hufa kwa sababu nyepesi zaidi. Bakapu inahifadhiwa ndani ya akaunti ileile, inakula nafasi mliyoilipia, diski inajaa, bakapu inayofuata inashindikana, na siku hiyohiyo barua pepe za wateja zinaanza kurudishwa. Au mtu anaiweka ndani ya public_html ili iwe rahisi kuipakua kwa simu, akaiita backup.zip. Jina hilo wadukuzi hulijaribu kwenye kila tovuti duniani. Akilipata, amepata tovuti nzima pamoja na wp-config.php yenye nywila.

Hapa ndipo nafika kwenye lile lililonileta. Nakala iliyo mahali pamoja na ya asili hufa pamoja nayo. Tarehe 10 Machi 2021, saa saba kasoro usiku kwa saa ya Ufaransa, moto ulizuka Strasbourg kwenye kituo cha seva cha kampuni ya OVH. Jengo moja la ghorofa tano liliteketea. Hakuna aliyeumia, lakini tovuti milioni 3.6 hivi zilizimika kwa hesabu ya kampuni ya Netcraft. Kati ya wateja walikuwamo waliokuwa wamelipia bakapu, na bakapu zenyewe zilikuwa kwenye eneo lilelile lililoungua. Kesi zikafuata, na mwaka 2023 mahakama ya biashara ya Lille iliamuru mmoja wao alipwe fidia ya zaidi ya euro 100,000. Data haikurudi kwa hukumu. Na msidhani ni wateja wadogo tu: Septemba 2025 moto ulizuka kwenye kituo cha data cha serikali ya Korea Kusini huko Daejeon, ukateketeza hifadhi ya nyaraka za watumishi wa umma, terabaiti 858, isiyokuwa na nakala nje ya jengo. Nchi ile!

Nyinyi mawakala mnalijua jambo hili kuliko wahandisi. Hati ya shehena ya meli hutolewa kwa desturi ikiwa na nakala asili tatu, na asili ya desturi hiyo ni wafanyabiashara wa zamani waliozituma kwa vyombo tofauti, ili kikizama kimoja, nyingine ifike. Hawakuzifunga zote kwenye bahasha moja. Tovuti yako inataka utaratibu uleule: nakala moja iko kwa mwenye seva, nyingine kwa kampuni isiyohusiana naye kabisa, na nyingine kwenye diski iliyo kabatini mwako, imechomolewa kwenye kompyuta. Ninaposema ivuke mpaka sisemi tu mpaka huu wa geti na malori. Nakala ivuke mpaka wa akaunti, ili aliyeiba nywila ya paneli asiweze kuifuta. Ivuke mpaka wa kampuni, ili deni au kufilisika kwa mmoja kusikuachie mikono mitupu. Ikiwezekana ivuke na mpaka wa nchi, na hapo nyinyi mna bahati ya pekee: mtu wa Marachi, upande wa Kenya, akiweka diski yake kwa shemeji yake kule Sofia, tayari ana nakala chini ya gridi nyingine ya umeme na mtandao mwingine, kwa nauli ya boda.

Mtaniuliza kuhusu bando. Kweli, kupakua gigabaiti nne kwa laini ya simu ni gharama, na kuzipakia tena ni mateso, kwa sababu kasi ya kupakia huwa ndogo zaidi. Ndiyo maana cPanel inakuruhusu kutuma bakapu kamili moja kwa moja kwenye seva nyingine kwa FTP au SCP. Seva mbili zinazungumza zenyewe, bando lako halihusiki. Kila usiku hifadhidata peke yake, ambayo kwa biashara ndogo ikibanwa ni megabaiti chache, inaweza kwenda hata kwenye barua pepe ya siri. Mafaili makubwa yaende mara moja kwa wiki, kwa kuwa picha za mwaka juzi hazibadiliki.

Ila mpaka una sheria zake. Kenya na Uganda zote zilipitisha sheria ya ulinzi wa data mwaka 2019. Bakapu yenye majina, namba za simu na nakala za vitambulisho vya wateja ni data ya watu, hata ikiwa imebanwa kwenye zipu. Kuipeleka nje ya nchi kuna masharti: huko iendako iwe na ulinzi unaokubalika, au wenye data wawe wameridhia. Na ikivuja, Kenya unatakiwa kumjulisha Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu ujue, panapokuwa na hatari ya kweli kwa wahusika. Uganda sheria inasema mara moja. Kwa hiyo ile diski ya kwa shemeji ifungwe kwa nywila, na nywila isiandikwe kwenye karatasi iliyobandikwa juu yake. Nacheka, lakini mmejitambua.

Neno kuhusu umiliki, kwa haraka. Tovuti nyingi za hapa zimesajiliwa kwa barua pepe ya kijana aliyezijenga. Kijana amepata kazi Juba, domeini imekwisha muda, na paneli inadai namba ya uthibitisho inayokwenda kwenye simu yake. Bakapu, hata iwe nzuri kiasi gani, haitafungua mlango huo. Wiki hii ingieni kwenye akaunti zenu, wekeni barua pepe ya ofisi, na wawili wenye dhamana wajue nywila ilipo.

Lililobaki ni mazoezi. Kila baada ya miezi mitatu, na kwa mwenye duka la mtandaoni kila mwezi, tengeneza kikoa kidogo cha majaribio kwenye akaunti nyingine, kifunge kwa nywila ili Google isikisome, kisha jifanye tovuti yako imekufa. Chukua diski iliyo kabatini, si bakapu ya kampuni, urejeshe mafaili, urejeshe hifadhidata, urekebishe wp-config.php, na ubadilishe anwani ya tovuti ndani ya hifadhidata, la sivyo kila kiungo kitakurudisha kwenye ile halisi na utadhani umefaulu. Fungua ukurasa wa ndani. Fungua picha ya mwaka jana. Ingia kama msimamizi. Tafuta ombi la mwisho la mteja na uone ni la tarehe ngapi. Tofauti kati ya tarehe hiyo na ya leo ndiyo hasara ambayo ungeipata. Andika muda uliotumia. Halafu kazi hiyo apewe mtu mwingine ofisini, yule asiyependa kompyuta, akifuata maelezo uliyoandika. Akikwama, rekebisha maelezo.

Mkimaliza, futeni kikoa kile cha majaribio pamoja na hifadhidata yake. Tovuti ya majaribio iliyosahauliwa haisasishwi na mtu, imebeba data za wateja wa kweli, na ni rahisi kuivunja kuliko ile kuu.

Mama mmoja mwenye duka la vitenge amekubali tuitumie tovuti yake kwa zoezi, na projekta naona imewaka. Vijana wa nyuma sogeeni mbele muone maandishi. Tunaanza na nakala ya hali ilivyo sasa hivi, halafu nitaomba mmoja wenu, si mimi, akae kwenye kiti hiki.